Masizi ya Silinda ya Nne

“Sijasema gari ni mbovu, mama. Nimesema ni chafu,” Gedion alisema, akakisukuma kijitabu cha waranti kurudi upande wa Nzilani.

Nzilani akakisukuma tena upande wake. Walikuwa kwenye mchezo huo tangu chai ya saa nne. Alisema mtu akinunua gari jipya na likakosa nguvu mlimani kabla waranti haijaisha, hilo ni bovu, na kwamba uchafu uliomo ndani ya injini hakuutia yeye kwa kijiko. Gedion alikuwa msimamizi wa huduma katika kampuni iliyowauzia gari hilo, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Alijibu kwa upole uleule kwamba waranti hulipia kilichovunjika. Kaboni haijavunjika. Kaboni imekaa tu.

“Basi itoeni.”

“Tutatoa, ukilipa.”

Alimtoa nje hadi kwenye gari, akaingiza kidole kwenye bomba la hewa. Kidole kilitoka kimevaa kitu cheusi, kizito kama uji wa wimbi ulioungulia sufuriani. Akaeleza kwamba injini za siku hizi hurudisha sehemu ya moshi wao na kuuvuta tena ndani. Gari likikimbia na kupata joto, moshi huo huungua. Gari likitembea polepole, au likisimama huku linanguruma, moshi huganda kwenye njia ya hewa, mwisho injini inakosa pumzi. Akauliza hili wanaliendesha vipi.

Nzilani alimweleza, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Gari lilikuwa la kikundi cha kina mama wa kanisa, kule milimani Mbooni, na yeye ndiye dereva. Kazi ya gari ilikuwa kuwarudisha nyumbani wanachama waliokufa, kutoka mochari ya mji wa Wote. Katika safari hiyo injini haizimwi. Marehemu akisikia injini imezimwa hudhani amefika, hushuka, na watu wa hapo humkuta ameketi kwenye benchi la duka. Ilishatokea, enzi za malori ya kukodi. Dereva alizima lori anunue sigara, marehemu akateremka, na familia ikamsihi kutwa nzima arudi ndani. Kwa hivyo kila njia panda na kila mto gari la kikundi husimama likinguruma. Dereva hugeuka na kumwambia marehemu njia inaelekea wapi, kina mama waliopanda nyuma huimba ubeti mmoja, kisha wanaendelea kwa gia ya kwanza. Haraka ni dharau.

Gedion aliandika maneno mawili. “Matumizi yasiyofaa,” akayasoma. Akaongeza kwamba hata mamake mzazi aliletwa nyumbani namna hiyo na familia ilishukuru sana, lakini kampuni haina mahali pa kulipia heshima. Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya ng’ombe wa maziwa na ndama wake.

Nzilani alimwambia kwa bei hiyo atatafuta mtu mwenye bisibisi na brashi. Akalipeleka gari nyumbani. Kwenye mteremko lilienda vizuri. Kwenye mlima lilikohoa, likatoa moshi, likapitwa na punda aliyebeba mitungi.

Gari hilo lilipatikana kwa harambee. Mara ya kwanza Nzilani ndiye aliyesimama kanisani na kuomba mchango wa gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali, na watu walitazama viatu vyao. Kilichopatikana hakikujaza sahani. Mwaka uliofuata mwenyekiti wa kikundi, Kanyiva, aliomba mchango wa gari la mazishi, na karai likajaa kabla nyimbo hazijaisha. Watu waliuza mbuzi. Hakuna aliyepanga kuugua, lakini kila mmoja alijua atakufa, na hakutaka kuletwa na lori la mchanga. Kikundi kikapitisha sheria moja tu: gari la marehemu halibebi mgonjwa, na halibebi kabisa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Wagonjwa walikuwa na ambulensi ya zahanati. Ambulensi hiyo ilikuwa chini ya Mutisya, mzee wa kanisa mwenye sauti nzuri ya besi. Siku za soko ilibeba maparachichi yake. Siku nyingine haikuwa na mafuta.

Nzilani aliunga mkono sheria hiyo pamoja na wenzake, kwa sababu gari lilikuwa limepatikana na mabishano yangelichelewesha.

Sasa alikuwa na binti mjamzito nyumbani. Wavinya alikuwa amerudi kwa mamake kujifungua, kwa sababu mumewe alikuwa Ikutha akinunua mbuzi. Miguu yake ilikuwa imevimba ikaacha kuingia kwenye viatu. Muuguzi wa zahanati alimpima presha mara mbili, akasema hawezi kuzalia pale. Uchungu ukianza, au kichwa kikimuuma na kuona vimulimuli, apelekwe hospitali ya Wote bila kungoja chochote. Nzilani alimuuliza apelekwe na nini. Muuguzi alitazama dirishani, kule ambulensi ilikokuwa imeegeshwa, akasema hilo ni swali la Mutisya.

Fundi Kaloki alitoka Matiliku kwa bodaboda, spana zake ndani ya gunia. Alikuwa mtu wa maneno mengi na bei yake haikuwa ndogo. Alifungua boneti uani kwa Nzilani, akaondoa mabomba, akafika kwenye matundu manne ya hewa, moja kwa kila silinda. Yote yalikuwa yamejaa masizi, yakabaki na nafasi ya kupitisha penseli. Wavinya alikuwa barazani akipukuchua maharagwe.

Kaloki alianza na silinda ya kwanza. Alichokonoa, donge la masizi likaangukia gazeti, na sauti ya Kalunde ikasema, “Gari ilikuwa hapa.”

Kalunde alikuwa jirani. Alikufa msimu wa mvua uliopita, akivuja damu baada ya kujifungua, katika nyumba ambayo ukisimama mlangoni unaliona paa la gari la kikundi. Kesho yake Nzilani alimpeleka mochari, na wiki iliyofuata akamrudisha, na kumwonyesha kila njia panda.

Kaloki aliuliza kama ni mtu wa familia. Nzilani akasema ni jirani.

“Atarudia hivyo hivyo,” Kaloki alisema. “Kuna lori nilifungua Emali, hiyo ilikuwa inahesabu mifuko ya simiti. Bei ya kukwangua ni moja, iongee isiongee.”

Silinda ya pili ilikuwa ya mwanachama aitwaye Kaluki, aliyekufa kwa pumu. “Niliiona kwa dirisha,” alisema. “Ilikuwa imeoshwa.” Ilikuwa kweli. Nzilani alikuwa ameliosha siku hiyo, kwa ajili ya mazishi ya mtu mwingine. Ya tatu ilikuwa ya bibi Kavindu, ambaye upande mmoja wa mwili ulilala ghafla akiwa shambani na akangoja siku mbili ambulensi ipate mafuta. “Nilikuwa naweza kukaa,” alisema. “Hamngehitaji kunilaza.”

Kaloki alihamia silinda ya nne. Kabla bisibisi haijagusa chochote, sauti ikatoka ndani ya tundu.

“Mwaitu, mbona tunasimama?”

Barazani, mikono ya Wavinya ilitulia. Mwaitu ndivyo alivyomwita mamake, na sauti aliitambua kuwa yake, kama mtu anavyojitambua kwenye simu, bila kuipenda. “Mimi siongei hivyo,” alisema. Akaendelea kupukuchua. Maharagwe kadhaa yalianguka nje ya ungo na hakuyaokota.

Kaloki alitia kidole, akakitoa, akakitazama juani. “Hii bado mbichi,” alisema. Akafuta bisibisi na kuirudisha guniani. Alisema yeye hukwangua kilichokauka. Hiki hakujua upande ule mwingine kimeshikana na nini, na hakutaka kuwa mtu aliyekivuta.

Nzilani naye hakutaka. Alimuuliza hakuna njia nyingine? Kaloki akasema ipo, nayo ni ya bure, ndiyo maana watu hawaipendi. Gari lishushwe mlima kwa gia ya chini, mguu kwenye mafuta, bila kusimama, mpaka Wote. Injini ikipata joto la kutosha, kila kilichoganda huungua na kutoka kwa moshi. “Ama injini ipasuke,” alisema. “Moja kati ya hizo mbili. Lakini ukianza usisimame. Ukisimama katikati, kinachokuwa kimelainika kinashuka chote ndani, na hapo huniiti mimi, unaita mtu wa vyuma kuukuu.” Alirudisha mabomba na kufunga boneti. Masizi yaliyokauka aliyaacha kwenye gazeti.

Nzilani aliyagawa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia na kuipelekea familia. Muli, mume wa Kalunde, aliuweka wake kando ya redio, na watoto wakazoea kufanya kazi ya shule huku mama yao akisema gari lilikuwa hapa. Mkaza mwana wa bibi Kavindu aliufunga mkebe kwa kifuniko na kuuwekea jiwe. Alisema mama mkwe hakuwahi kunyamaza akiwa hai, na hajaona sababu ya kuanza kumsikiliza leo.

Jumapili baada ya ibada kikundi kilikutana, na mikebe ikawekwa mezani. Mutisya alikuja kwa niaba ya kamati ya maendeleo. Alisikiliza kofia ikiwa mkononi, akasema anaitambua sauti ya Kalunde, aliimba alto. Akatoa pole tena kwa familia zote. Kisha akasema amefurahi kuona hakuna marehemu aliyeitaja ambulensi, akaomba udhuru, akaenda kupanga makreti ya maparachichi.

Nzilani alipendekeza sheria ibadilishwe. Alisema kwa ufupi: gari lipo, dereva yupo, binti yake ana presha, na watu watatu wameshasema wenyewe walichokosa. Wakati mwingine hata watu wazima wanaweza kuambiwa kitu mara moja wakasikia.

Kanyiva hakukasirika. Alikuwa mwanamke mpole ambaye alishika mikono ya watu akiongea nao. Alisema kila mtu amesikia na kila mtu ameumia. Lakini kiti kilichobebewa jeneza hakizaliwi mtoto. Na kikundi kikianza kubeba wagonjwa, siku ya mazishi gari litakuwa hospitali, na ni mwanachama gani hapa yuko tayari kuletwa kwa lori la mchanga? Hakuna aliyeinua mkono. Kisha akaomba kusikia silinda ya nne. Walitoka wote, wakafungua boneti, wakainama.

“Mwaitu, mbona tunasimama?”

Kanyiva alipapasa ukingo wa boneti kama anayempapasa mtoto mgongoni. “Unaona sasa, Mama Wavinya,” alisema. “Huyu ana safari yake na hii gari. Mbona unataka kumpandisha mapema?”

Walipiga kura. Sheria ilibaki. Kisha karai likapitishwa kwa ajili ya kumalizia matengenezo, na likajaa kabla chai haijapoa, kwa kuwa mvua ilikuwa karibu na msimu wa mvua huwa na mazishi mengi.

Kuanzia hapo Nzilani alianza kila asubuhi kwenye gari. Aliweka ndoo chini, akafungua boneti na kusikiliza. Sauti ilizidi kusikika vizuri. Siku Wavinya aliposhikwa na mafua, sauti ilikuwa na mafua. Alipopoteza hamu ya kula, ilitoka nyembamba. Nzilani alianza kumpikia binti yake kwa kuangalia injini, akiongeza uji sauti ikififia. Wavinya alikuwa ameacha kupita upande ule wa ua, na alipokwenda chooni alizungukia nyuma ya nyumba, mkono ukutani.

Asubuhi moja Nzilani aliingiza kichwa ndani zaidi, akasikia kwamba sauti haikuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na kina mama wakiimba ubeti mmoja. Na nyuma ya wimbo kulikuwa na mashine ikigonga, ta-ta-ta-ta, bila kupumzika. Aliijua. Ilikuwa kisiagi cha mahindi cha pale njia panda ya kwanza, ambapo barabara ya kijiji inakutana na ile ya kushuka. Hapo ndipo gari husimama kwanza likienda, na mwisho likirudi. Alisimama na mafuta ya injini shavuni. Sauti haikusema inakwenda hospitali au inarudi kutoka mochari.

Uchungu ulianza siku ya soko, baada ya chakula cha mchana. Wavinya aliinuka kuchukua maji, akashika nguzo ya baraza na kubaki ameishika. Alisema kichwa kinapasuka. Alisema kuna nzi weupe mbele ya macho, na akawa anawafukuza kwa mkono. Hawakuwepo.

Nzilani alipiga simu zahanati. Muuguzi alisema ambulensi iko sokoni na itarudi maparachichi yakiisha, ila leo bei ni mbaya na wanunuzi wanavuta miguu. Akapiga simu kwa bodaboda. Mmoja alikuja, akamtazama Wavinya, akatazama njia iliyokuwa imelowa tangu jana, akasema, “Pole mama,” na kuondoka bila kuulizia hata nauli ya kuja.

Ufunguo ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nzilani aliutwaa. Akatandika godoro kwenye kiti cha nyuma.

“Mwaitu, si kwa hiyo,” Wavinya alisema. Meno yalikuwa yakigongana. “Mimi nilisikia. Si kwa hiyo.”

“Ni hiyo ama kitanda. Kitanda tunajua kinafikisha wapi.”

Alimwinua, akamwingiza, akamfunga mkanda juu ya tumbo, akaufungua, akamfungia chini ya tumbo. Boneti ikiwa imefungwa, sauti ya silinda ya nne ilisikika hata hivyo.

Kina mama walikuwa wameshafika langoni. Habari hutembea haraka kijijini. Walikuwa watulivu, hawakuja kugombana. Kanyiva alikuwa mbele, na wote walikuwa wamefunga vile vitambaa vyeupe vya kichwani ambavyo kikundi hufunga siku ya kurudisha mwanachama. Mmoja alikuwa amebeba kitabu cha nyimbo. Wawili walikwenda moja kwa moja nyuma ya gari na kuanza kupanda.

“Shukeni,” Nzilani alisema.

“Hatuwezi kukuacha uende peke yako, Mama Wavinya,” Kanyiva alisema, na akatafuta mkono wake amshike. “Ni gari ya maiti, na sisi ndio tunasindikiza. Twende pole pole. Tutamwonyesha njia.”

“Leo hakuna wa kusindikizwa. Shukeni, ama nishuke nao hao wawili mpaka Wote.”

Wakashuka. Hawakuondoka langoni, walisogea tu kando, safu mbili, kama wanavyosimama jeneza likipita. Mmoja alianza ubeti kwa sauti ya chini, na wengine wakaupokea, kwa kuwa ndivyo walivyozoea gari hilo likiwashwa.

Injini iliguna, ikakohoa, ikashika. Nzilani alipita katikati yao kwa gia ya pili. Kwenye kioo aliona wanaanza kumfuata kwa miguu, wakiimba, bila haraka.

Barabara ya kijiji ilikuwa na matope na ilipanda kidogo kabla ya kufika njia panda. Gari likaanza kulegea. Lilikuwa limefika hapo mara nyingi na lilijua linachotakiwa kufanya, kama punda ajuaye kigingi chake. Kando ya barabara watu walikuwa wameliona. Wanaume walivua kofia. Mwanamke aliyebeba debe la mahindi alilitua chini na kuinamisha kichwa. Kisiagi kilikuwa kikisaga, ta-ta-ta-ta, na kupitia dirisha lililo wazi wimbo wa kina mama ulikuwa bado unasikika nyuma. Moshi mweusi ulianza kutoka. Mshale wa kasi ulishuka, ukashuka tena.

Kwenye kioo Nzilani alimwona Wavinya akijiinua kwa kiwiko. Macho yake yalikuwa yamefunguka sana na hayakuwa yanaangalia kitu. Midomo ilikuwa imeanza kujikusanya kwa neno la kwanza.

“Mwaitu—”

Dereva wa kikundi hugeuka njia panda. Nzilani hakugeuka. Alirudisha gia ya kwanza, akakanyaga mafuta mpaka mguu ukagusa bati, na akauacha hapo. Injini ikalia kwa namna ambayo haikuwahi kulia. Kitu kilipasuka ndani yake, au kiliungua, wingu jeusi likafunika kisiagi, wanaume na kofia zao, na gari likakata kona likiwa linakwenda.